Shajara ya mradi: timu sita na kontena moja

Wiki ya 1

Naanza kuandika hapa mapema kwa sababu mradi uliopita hatukuandika kitu, mwisho wake kila mtu akawa na kumbukumbu zake. Safari hii nataka tukiulizwa mbona mlifanya hivi na si vile, pawe na mahali pa kutazama.

Hali yenyewe ndo hii. Kampuni yetu ni ya uwakala wa forodha na usafirishaji, makao makuu hapa Mombasa, depo iko Changamwe, ofisi nyingine Nairobi. Mwaka jana sisi watu saba tulikaa chumba kimoja kule Nkrumah Road tukatengeneza programu ya kupanga malori kwa mtindo wa skramu, yaani timu ndogo inayofanya kazi kwa vipindi vifupi viitwavyo sprinti, za wiki mbili mbili, na stendapu, mkutano wa kusimama, robo saa asubuhi, alafu kila Alhamisi ya pili twawaonyesha wapangaji wa malori tulichomaliza. Ikaenda vizuri kweli. Madereva walikuwa waja wenyewe kutuambia kitufe gani kimekaa vibaya na wiki mbili baadaye wakikuta kimehamishwa. Wakubwa wameona, wamependa, sasa wataka idara nzima ya mifumo ifanye kazi hivyo: watu 48, timu sita. Timu ya depo, ya forodha, ya malori, ya malipo, ya ripoti na ya programu ya simu. Mie ndo nimepewa kuratibu.

Nimefurahi sana, ila wasiwasi wangu niuandike leo leo usije ukapotea. Ule waraka wa ajaili (huu mtindo wa kutengeneza programu kidogo kidogo, ambao skramu ni njia yake mojawapo) wa 2001, waliouandika wale watu 17 kule Utah, una mambo ya maana lakini hausemi popote ufanyeje timu sita zikigusa databesi (hifadhi ya taarifa) moja. Mwongozo wa skramu wa 2020 nao wasema timu kwa kawaida iwe watu 10 au chini ya hapo. Hesabu yake iko wazi. Watu wanane kila mmoja akiongea na mwenzake ni njia 28, watu 48 ni njia 1,128. Stendapu ya kubeba njia elfu na zaidi haipo.

Wiki ya 2

Mshauri amekuja kutoka Nairobi na bango la SAFe, ile fremuwaki (utaratibu wa kuendesha timu nyingi kwa pamoja) ya Dean Leffingwell iliyotoka 2011. Watu kati ya 50 na 125 wanawekwa kwenye kundi moja linaloitwa treni, wanapanga pamoja siku mbili mfululizo, kisha wanakwenda wiki 8 mpaka 12 kabla ya kupanga tena. Sisi tuko 48, tukasema twakaribia, tujaribu. Mshauri mwenyewe ni mtu mwema na kazi yake aijua, hilo niliandike.

Tulikodi ukumbi Nyali. Kitu cha kwanza kilichonigusa ni kuwa wengine hawajawahi kuonana. Kijana wa forodha na dada wa malipo wameandikiana barua pepe miaka mitatu, siku ile ndo wamepeana mikono. Kwa hilo tu naona pesa ya ukumbi haikupotea.

Ubao sasa. Kila kazi karatasi yake, na popote kazi ya timu hii inapoingojea timu nyingine unavuta uzi mwekundu. Kufika saa kumi jioni siku ya pili nyuzi 37. Nimezihesabu mara mbili. Karatasi moja peke yake ilikuwa na nyuzi tano, na hiyo ndo karatasi ambayo wateja wanaililia kila siku: "Mteja aone kontena lake liko wapi na anadaiwa kiasi gani." Depo ina kipande chake, forodha ina chake, malori chake, malipo chake, simu chake, na ripoti wanangoja wote hao. Kila timu imekiweka kipande chake kwenye sprinti inayoifaa yenyewe, kwa hivyo hata mambo yakienda sawa kabisa bila mtu kuumwa mteja hataona kitu kabla ya wiki ya kumi.

Watu walipiga makofi tulipomaliza. Mie nilibaki nikiutazama ule ubao mpaka walinzi wakaja kuzima taa.

Wiki ya 4

Hii nataka niieleze polepole maana ndo imenifungua macho.

Namba ya kontena duniani kote ina herufi nne na tarakimu saba, chukua mfano CSQU3054383. Ile tarakimu ya mwisho, 3, ndo inayochorewa kisanduku kwenye mlango wa kontena. Si sehemu ya namba yenyewe, ni ya ukaguzi: kila herufi ina thamani yake, kila nafasi inazidishwa kwa 1, 2, 4, 8 na kuendelea hivyo, unajumlisha, unagawa kwa 11, kinachobaki ndo tarakimu ya mwisho (kikibaki 10 inaandikwa 0). Karani akikosea tarakimu moja, karibu kila mara hesabu haikubali na kosa lakamatwa pale pale.

Timu ya depo wanahifadhi namba nzima. Timu ya forodha wanahifadhi bila ya mwisho, kwa sababu aliyeandika mfumo wao zamani aliona mbona nihifadhi kitu naweza kukikokotoa. Na kweli chakokotoleka! Lakini ukishaitupa ukaikokotoa upya umemfuta mlinzi. Karani akiandika CSQU305488 badala ya CSQU305438, mfumo wa forodha unaipachika 7 mwishoni na kontena lisilokuwepo linapita kama halali, hesabu zote sawa.

Tulipounganisha pande mbili kwa mara ya kwanza makontena 212 ya majaribio hayakulingana. Mengine ni hiyo tofauti ya urefu tu, hayo mepesi. Yaliyonitisha ni machache yaliyokuwa na kosa la karani ndani yake tangu mwanzo na mfumo ukayavalisha tarakimu sahihi, mojawapo likaangukia kwenye kontena la mteja mwengine kabisa. Fikiria mteja anaonyeshwa deni la mwenzake.

Testi za timu ya depo, yale majaribio ya programu, zilikuwa kijani, yaani zimepita. Testi za forodha kijani. Kila mtu alifanya kazi yake vizuri, hakuna aliyezembea. Na hizi timu mbili zakaa ghorofa moja, katikati ni ubao wa plaiwudi na mtungi wa maji ya kunywa, na siku mbili nzima walikuwa ukumbi mmoja Nyali wakivutiana uzi mwekundu. Uzi ulikuwepo, umeandikwa "depo watupe namba ya kontena". Hakuna aliyeuliza namba ya urefu gani.

Wiki ya 5

Tumeongeza mkutano, ile skramu ya skramu, kila timu ilete mtu mmoja. Jumatatu tulikuwa sita, dakika kumi na tano. Alhamisi tulikuwa 19 dakika hamsini, kwa sababu yule aliyetumwa hana jibu anamwita mwenye jibu, naye anamwita mwengine. Nilikuwa na daftari nikawa naweka mstari kila nikisikia neno "twangoja". Jumanne 11, Jumatano 14, Alhamisi 14. Na ni yale yale.

Usiku nikarudia kusoma ile hoja ya mtaalamu wa kompyuta Melvin Conway ya 1968, kwamba shirika likibuni mfumo litatoa mfumo wenye umbo la mawasiliano yake lenyewe. Basi nikachora mfumo wetu upande mmoja wa karatasi na mpango wa viti vya ofisi upande wa pili. Ni mchoro mmoja. Vipande sita kwa sababu idara zilikuwa sita, na mahali plaiwudi ilipo ndipo namba ya kontena ilipovunjika.

Ijumaa nikahesabu kazi zilizofunguliwa hazijafungwa: 40. Kwa wiki twamaliza kama tano. John Little, mtaalamu wa hesabu za foleni, alishaonyesha 1961 kwamba wastani wa vilivyomo ndani ni sawa na kasi ya kuingia mara muda wa kukaa ndani, kwa hivyo kama hali imetulia 40 kwa 5 ni wiki nane kwa kila kazi, hata iwe ya siku moja. Mtu yeyote wa Likoni alijua hili, ukileta magari zaidi kwenye foleni feri haivuki upesi zaidi. Na sisi kila timu ikikwama inafungua kazi mpya ili isionekane imekaa bure, yaani ndo twaleta magari.

Wiki ya 6

Hakuna kubwa. Umeme ulikatika nusu ya Jumatano. Mshauri ameomba ripoti ya kasi ya kila timu nikamtumia, ingawa siamini tena kwamba kasi ya timu moja moja yatuambia kitu.

Wiki ya 7

Nimewachukua madevelopa wanne, mmoja kila timu kati ya hizo kuu nne, tukakae kaunta ya wateja asubuhi nzima. Bila kompyuta, tukae tutazame tu.

Bi Mkubwa wa kaunta yuko pale miaka mingi kuliko mfumo wowote tulionao. Tukamwamkia, "Shikamoo Bi Mkubwa," akaitika "Marahaba wanangu, vuteni viti." Mteja wa kwanza akapiga simu saa mbili na dakika kumi, ataka kujua kontena lake limefika wapi. Bi Mkubwa akafungua skrini ya forodha, akasoma namba, akaiandika kwenye daftari la shule lenye mistari. Akafungua skrini ya depo, akatafuta, akalinganisha kwa jicho. Akapiga simu Changamwe kuuliza kama lori limetoka. Akafungua skrini ya malipo. Mteja bado yuko kwenye simu. Dakika 22 nimezipima.

Kijana wa forodha akaliinamia lile daftari na akanyamaza. Kila namba aliyoandika Bi Mkubwa tarakimu ya mwisho ameichorea kisanduku kwa kalamu, kama ilivyo kwenye mlango wa kontena. Akamuuliza mbona unachora hivi. "Hii ndo nailinganisha kwanza, mwanangu. Kule kwenu haiko, hivyo napigia depo wanisomee mlangoni."

Yaani kazi tuliyogawana timu tano, mtu mmoja alikuwa anaifanya kwa kalamu. Na alipomaliza akatugeukia akauliza, hakuwa na ubaya wowote, "Kwani nyinyi hamkai pamoja?"

Tulirudi kwa miguu mpaka Mwembe Tayari tukala viazi karai, hatukuongea sana. Alafu dada wa malipo akasema, sasa kwa nini tusikae pamoja kweli.

Wiki ya 8

Pendekezo limeenda kwa wakubwa. Timu zisigawanywe kwa mifumo, zigawanywe kwa kazi ya mteja. Timu moja iwe na mtu wa depo, wa forodha, wa malori, wa malipo na wa simu, ichukue karatasi moja kama ile ya kontena iimalize yenyewe mwanzo mpaka mwisho. Orodha ya kazi iwe moja kwa timu zote na mwenye bidhaa (bidhaa ni programu, si mzigo) awe mmoja anayesema kipi kwanza. Si wazo langu, ndo msimamo wa LeSS, fremuwaki nyingine, ya Craig Larman na Bas Vodde, wanayosema inafaa timu mbili mpaka nane. Tuko sita, tumo ndani. Naamini kabisa kwamba hapa ndipo tatizo lilipo, mikutano tumeongeza vya kutosha, tunachohitaji ni kazi isiyohitaji mkutano.

Meneja wa mfumo wa forodha alipinga na hoja yake ilikuwa nzito, naiweka kama alivyosema: "Kaka, mfumo wa forodha ukiguswa na kila mtu, ukiharibika saa tisa usiku utamwita nani? Na kosa moja kwenye tamko la forodha, mzigo wa mteja unalala bandarini, gharama za kuhifadhi zapanda kila siku." Sikuwa na jibu la haraka. Tumezungumza siku mbili. Tulichoafikiana ni kwamba tuanze na timu mbili pekee, watu wa forodha wagawanywe ndani ya hizo timu, na badiliko lolote kwenye kodi ya forodha (kodi ni maandishi ya programu, si ushuru) lisipite bila mmoja wao kulisoma. Zamu ya usiku ibaki kwao mpaka wengine wazoee. Sprinti nne alafu tuangalie.

Meneja mwengine akataka tutumie majina ya timu ya Spotify, ile kampuni ya muziki wa mtandaoni, vikosi na makabila. Nikamwambia kwa heshima kwamba andiko la Henrik Kniberg na Anders Ivarsson la 2012 lilieleza wanavyofanya wao wakati ule, halikuandikwa kama dawa ya kila mtu, na tukibadilisha majina tukaacha viti palepale hatujafanya kitu. Ila kuna kitu nimechukua kwao: watu wa fani moja walio timu tofauti wawe na baraza lao. Wajaribu wetu, wale wanaopima programu, wakutane Alhamisi saa tano, saa moja tu, wabadilishane mbinu.

Mshauri nilidhani ataudhika. Hakuudhika, alisema kupanga pamoja tuendelee nako na mie nakubali, siku zile mbili Nyali nazitaka tena.

Ubao wa plaiwudi umetolewa Ijumaa jioni. Fundi alichukua dakika arubaini.

Wiki ya 9 hadi ya 12

Naandika kwa pamoja kwa sababu Ramadhani imeingia na siku zimekuwa fupi. Zaidi ya nusu ya timu hizi mbili wanafunga, hivyo mambo ya kufikiri sana tumeyasogeza asubuhi, alasiri ni kusoma kodi na kuandika testi, na tumeafikiana hakuna kudiploi (kuwawekea watumiaji toleo jipya) baada ya alasiri. Sprinti tumechukua kazi chache kwa makusudi. Siku moja tulifuturu pamoja ofisini, tambi, kaimati, viazi vya nazi, hata wasiofunga wakangoja adhana.

Kikwazo kikubwa hakikuwa watu, kilikuwa mashine. Sava ya majaribio ni moja kwa timu zote sita, ukitaka kujaribu lazima upange foleni, na testi zote zikikimbia zachukua saa tatu. Huwezi kuwaambia watu waunganishe kodi kila siku wakati jibu la mashine linachukua nusu siku, watakusanya kazi ya wiki ndo waunganishe, na hapo yale ya wiki ya 4 yanarudi. Kijana wa sava alikaa siku tisa akatengeneza njia ya kila timu kupata nakala yake yenye databesi ndogo, na wajaribu wakazipunguza testi zilizorudia kitu kimoja. Sasa ni dakika 25. Hii kazi haikuwa kwenye ubao wa Nyali hata kwa karatasi moja na bila yake hakuna lolote lingetembea, nataka wakubwa waisome hii sentensi.

Tumeweka pia kikomo. Hizi timu mbili zilikuwa na kazi 14 zimefunguliwa, tumesema mwisho sita. Ikifika sita hufungui ya saba, nenda kamsaidie mwenzako. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu, developa mmoja aliniambia anajisikia kama amekaa bure. Nikamwomba akae na mtu wa malori, aandike testi zake. Wiki ya tatu alikuwa anaijua kodi ya malori.

Na namba ya kontena. Iko mahali pamoja sasa, nzima, tarakimu saba, inakaguliwa inapoandikwa na haikokotolewi upya popote. Yule kijana wa forodha ndo aliyeiandika. Aliomba mwenyewe.

Wiki ya 13

Tumeipeleka kaunta. Hatukumfundisha Bi Mkubwa, tulimwachia kiti. Akaandika namba, ikaja skrini moja: liko depo, ushuru umelipwa, lori limepangiwa kesho, deni la kuhifadhi kiasi hiki. Akaitazama. Alafu akafanya kitu ambacho mjaribu yeyote angejivunia, akaifuta 3 moja akaweka 8 kusudi. Mfumo ukakataa: "Namba si sawa, tazama mlango wa kontena." Akacheka, akachukua kalamu akachora kisanduku chake hivyo hivyo. Daftari hajaliacha, na mie sikumwambia aliache.

Simu ile ile ya dakika 22 sasa ni chini ya mbili, kwa siku hizi chache tulizopima. Kazi moja kwenye hizi timu mbili ilikuwa yachukua kama wiki saba, sasa yakaribia tatu, na watu ni wale wale.

Wiki ya 14

Tumepanga tena Nyali. Nyuzi nyekundu 19. Timu mbili ndo zimebadilika, nne bado ziko kimfumo, lakini wawili kati ya mameneja wameomba zao zifuate. Meneja wa forodha ni mmojawapo. Sharti lake ni kwamba watu wake wasome kila badiliko mpaka mwisho wa mwaka, nami naona ana haki.

Yaliyobaki yananikera. Bajeti bado inatolewa kwa mfumo, malipo wana fungu lao, depo lao, na timu inayogusa yote matano haina fungu hata moja, kila nikitaka kununua kitu naomba kwa watu watano. Uhasibu wamesema tuzungumze mwaka wa fedha ukiisha. Siwezi kungoja hivyo, nitapeleka barua wiki hii.

La pili ndo linaninyima usingizi. Kati ya nyuzi 19, 12 zaenda malipo, na zote kumi na mbili zamalizikia kwa mtu mmoja, yule dada, kwa sababu jedwali la gharama za kuhifadhi yeye ndo analijua peke yake: siku ngapi za bure, bei inapanda lini, nani ana mkataba gani. Anakwenda likizo ya uzazi baada ya wiki tisa. Tumekaa naye leo, akaniambia, "Usiniambie niandike waraka, hakuna atakayeusoma. Nipe mtu akae na mie." Tumempa wawili, na kazi zake mpya zote nimezisimamisha. Jumatatu saa mbili na nusu wanakaa mashine moja, yeye hagusi kibodi, anaongea tu, na waanza na siku za bure.